Bahari Imepitia Chooni

Tarehe 9 Machi

Bahari imetoka chooni! Mwanangu, sikutanii wala sijachanganyikiwa. Jana asubuhi, jua linawaka, wiki ya tatu bila hata tone la mvua, nimesikia choo kinabwabwaja kama mtu anayetaka kutapika. Nikadhani ni mabomba. Kufungua mlango, maji meusi yanapanda kwenye shimo, yanapanda taratibu, hayana haraka, kama mgeni anayejua nyumba ni yake. Yakavuka kizingiti, yakapita koridoni, yakaingia jikoni, yakatoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye uwanja wangu wa kufulia. Na vilivyokuja navyo sitavitaja, maana barua hii najua utaisoma ukiwa unakula.

Hujambo lakini? Nisamehe kwa kutanguliza habari kabla ya salamu, roho ilikuwa juu. Sisi hatujambo. Wifi yako amejifungua salama, mtoto wa kike, ana kichwa kikubwa cha ukoo wetu, kwa hiyo akili zipo. Kaka yako bado yuko barabarani na lori lake, amemwona mtoto mara moja tu. Mama Pacha wa nyumba ya pili anakusalimu, na wale pacha wake wanaulizia kama kweli wewe unapima bahari kwa rula. Nimewaambia unapima kwa mitambo, na kwamba wakubwa wote hapo kazini kwako hawatii sahihi mpaka wewe uwe umeangalia kwanza.

Turudi kwenye uchafu. Mwanangu, mimi nimefua maisha yangu yote. Nimefua mashuka ya zahanati yenye damu ya wazazi, nimefua nguo za wagonjwa, nimefua sare za wavulana wa bweni ambazo hata mbuzi angezipita mbali. Sijawahi kuona kinyaa. Uchafu wa mtu una mwisho, unauloweka, unausugua, unausuuza, unaondoka zake. Lakini huu! Nimepiga deki kutwa nzima, leo asubuhi umerudi tena saa ileile ya maji kujaa. Ute umebaki ukutani hadi magotini, kama konokono mkubwa amejisugua pale. Mende wamepanda juu ya dari. Nimetapika mara mbili, mimi, mama yako, ambaye hata mimba yako haikunitapisha.

Sasa niambie wewe uliyesoma. Bahari imekuja kufanya nini chooni kwangu?

Mama yako mzazi.


Tarehe 2 Aprili

Mama, shikamoo.

Hongera kwa mjukuu. Nimecheka habari ya kichwa halafu nikajishika cha kwangu. Mimi sijambo, baridi ya huku imepungua, nimehamia chumba kingine chenye dirisha. Kazi inaendelea. Mama, nakuomba tena, usiwaambie watu kwamba mimi ni profesa. Mimi ni msaidizi. Ninasafisha vipimo vinavyotoka kwenye mitambo ya bandarini, naondoa makosa, kisha wenzangu wanavitumia.

Barua yako niliisoma kazini na kweli nilikuwa nakula. Niliacha.

Kabla sijakujibu nina maswali. Maji hayo yalipanda siku zipi hasa, zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo? Yana chumvi? Na kisima cha uani, kile unachofulia, kina ladha gani siku hizi? Sabuni inatoa povu kama zamani?

Halafu, Mjomba yuko wapi katika haya yote? Nyumba yake iko kilimani, ana kiwanja kitupu pembeni na tangi kubwa la maji. Umezungumza naye? Hujamtaja kwenye barua hata moja tangu nisafiri.

Usifulie kwenye maji hayo. Vaa buti. Nijibu yote, hasa la povu.

Mwanao.


Tarehe 20 Aprili

Marahaba, Profesa wangu. Jina hilo watu wa mtaa wameshalizoea, usinirudishe nyuma.

Tuko salama. Mjukuu anacheka peke yake usingizini. Muuza mkaa ameoa tena, na safari hii bibi harusi ndiye aliyelia.

Unaniuliza kama maji ya chooni yana chumvi. Mwanangu, ulitaka nionje? Nimekulea kwa jasho ukaende ng'ambo ukaniulize ladha ya maji ya chooni? Lakini kwa kuwa ni wewe, nitakwambia nilichokiona. Gauni langu la kazi lilipokauka lilikuwa na mstari mweupe kwenye pindo, na kitambaa kimekakamaa kama kimetiwa wanga. Na siku zenyewe, ndiyo, ni za mwezi mkubwa na za mwezi kutoonekana. Kumbe hata najisi ina kalenda.

Sasa sikiliza kilichonikera kuliko hata ute. Manispaa wametuletea Injinia. Kijana wa makamo, kiatu kinang'aa, kaziba pua kwa leso yenye manukato mpaka manukato nayo yakaanza kunuka. Hakuingia ndani. Kasimama juu ya matofali mawili kama kuku aliyelowa, akatangaza mbele ya mtaa mzima: "Tatizo ni ninyi wenyewe. Mnatupa taka kwenye mifereji, mifereji inaziba, maji yanarudi. Mtaa huu ni mchafu."

Mchafu! Kwenye uwanja wangu! Kamba saba za mashuka zinapepea nyuma yake, meupe yanaumiza macho, na yeye anasema mchafu!

Nikamwambia, "Mwanangu, geuka nyuma uone."

Akasema, "Mama, sizungumzii nguo."

Nikamwambia, "Mimi ndizo ninazozungumzia. Hiyo kola ya shati lako imefuliwa na nani? Maana ina mstari wa jasho unaoonekana kutoka hapa."

Watu walicheka, lakini neno lilishatoka na limebaki. Siku hizi wa mtaa wa juu wakipita wanainua suruali hata pakavu. Zahanati wamemtuma mtu kuja kuchungulia ninavyofua, na hawakuwahi kunichungulia tangu marehemu baba yako aliponimwagia sakafu ya kufulia. Sitaki pole. Nataka barua. Niandikie barua yenye maneno mazito, useme ni bahari au ni sisi, nimsomee huyo Injinia mbele ya watu walewale.

Habari za povu na za sabuni sitaki kuzisikia. Unajua vizuri ni kwa nini. Na yule uliyemtaja mimi sina habari naye.

Mama yako.


Tarehe 30 Mei

Mama, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa melini majuma kadhaa, tukishusha mitambo baharini, na barua yako ilinisubiri mezani. Sijambo, ila ardhi bado inayumba nikitembea. Mpe hongera muuza mkaa, na bibi harusi mpe pole.

Si ninyi, Mama. Hilo nakuandikia bila kumumunya maneno. Mifereji hata ingekuwa safi kama mashuka yako, maji yangepanda vilevile, kwa sababu mdomo wa mfereji sasa uko chini ya bahari wakati maji yamejaa. Bahari inaingia kwa njia ileile uliyokuwa unatokea uchafu.

Watu hudhani bahari imelala sawa kama maji kwenye beseni lililotulia. Sivyo. Ina miinuko na mabonde ambayo jicho halioni. Mbali kidogo na pwani yetu unapita mkondo mkubwa, mto ndani ya bahari usio na kingo. Kwa kuwa dunia inazunguka, maji yanayokimbia hayaendi moja kwa moja, huvutwa upande. Mkondo wetu ukiwa na kasi, huyaegemeza maji upande wa bahari kuu, na pwani yetu hubaki chini kidogo. Kinachouendesha mkondo huo ni upepo. Si huu unaokukaushia nguo, bali ule unaovuma mbali sana, katikati ya bahari, mwaka baada ya mwaka. Huo umelegea. Mkondo nao umepungua kasi, na maji yaliyokuwa yameegemea kule yamerudi kuegemea kwetu. Na upepo wa karibu, unaopita sambamba na ufukwe, umebadilika vilevile. Zamani uliyasogeza maji kutoka pwani, sasa unayarundika. Ndiyo maana bahari yetu imepanda haraka kuliko pwani nyingine zilizo mbali na sisi. Mabadiliko ya upepo wa kule mbali huchukua miaka kutufikia, yanatembea ndani ya maji kama wimbi pana la polepole. Choo chako kilianza kubwabwaja Machi, lakini safari ilianza zamani.

Upepo unaweza kugeuka. Uliwahi kugeuka. Vipimo vya bandarini vinaonyesha kwamba nilipokuwa shule ya msingi bahari ilishuka kwa miaka kadhaa. Inawezekana ikashuka tena.

Lakini Mama, hapa ndipo nataka usome taratibu. Chini ya mambo yote ya upepo, bahari nzima inapanda, kwa joto na kwa barafu inayoyeyuka, na hilo halirudi nyuma kwa uhai wako wala wangu. Fikiria mtu anayetikisa beseni, maji yanapanda ukingo huu, yanashuka, yanapanda ule. Huyo ndiye upepo. Ila pembeni yake yuko mwingine anamimina maji bila kuacha. Wa kutikisa akichoka, usidhani na wa kumimina amechoka. Bahari ikishuka safari hii, haitashuka mpaka pale pa zamani, na ikipanda tena itakufikia kiunoni. Usijenge kitu hapo. Hama. Zungumza na Mjomba.

Mwanao.


Tarehe 18 Juni

Profesa wangu, mboni yangu, mwanamke niliyemzaa mwenyewe bila msaada!

Salamu hazina hesabu. Wote wazima. Mjukuu ameota jino. Kaka yako amerudi na mzigo wa saruji, na nitakwambia ni wa nini.

Barua nimeisoma! Nilimtumia Injinia ujumbe aje, kwamba jibu la kitaalamu limefika kutoka ng'ambo. Akaja, kiatu kilekile, leso ileile. Mtaa mzima uwanjani kwangu, wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Nikavaa miwani. Nikasoma "Si ninyi" mara tatu, kwa sauti tatu tofauti. Nikasoma habari ya mkondo, nikasoma dunia inavyozunguka. Mahali pa upepo wa mbali nikanyoosha mkono kuonyesha, ingawa sijui ni upande gani, na watu wote wakageuka wakaangalia huko. Injinia akasema, "Hilo la mifereji kuwa chini ya maji tutaliangalia." Nikamwambia, "Liangalie huku umeondoa leso."

Nikaendelea hadi pale uliposema upepo unaweza kugeuka na bahari ikashuka. Watu walipiga makofi, mwanangu! Mama Pacha alilia. Alikuwa amekwisha funga vitu vyake aende kwa dada yake, siku hiyohiyo akafungua marobota. Baada ya hapo koo lilinikauka kidogo nikakunja barua.

Na unajua nini? Bahari imeshuka kweli. Mwezi huu choo kimenyamaza. Watu wananiamkia kutoka mbali, wananiita Mama Profesa. Kwa hiyo nimeamua kuinua sakafu ya kufulia kwa saruji, na kujenga ukuta mfupi mbele ya mlango wa choo, mambo yawe ya kisasa. Uvundo bado upo, nakubali. Uko kwenye magodoro, uko kwenye mbao za kabati, asubuhi nikiamka uko kwenye nywele zangu. Napaka mafuta ya karafuu puani nikienda sokoni. Lakini uvundo ni wa kupita.

Zahanati wanalalamika kidogo kwamba mashuka hayakauki vizuri, yakikunjwa usiku yanakuwa na unyevu asubuhi. Ni hizi sabuni za siku hizi. Wauza sabuni wote ni wezi, walianza na yule, wamemalizia na hawa wengine.

Mama yako, anayetembea kifua mbele.


Tarehe 9 Julai

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kwa jino la mtoto. Mengine sikuyafurahia, na leo nitasema kama mtu mzima mwenzako.

Uliacha nusu ya barua. Koo lako nalijua, halijawahi kukauka mbele ya watu. Umesoma ulichokipenda, na Mama Pacha amefungua marobota na watoto wawili juu ya maji ya choo. Bahari haijageuka. Kila mwaka miezi hii inashuka kidogo pwani yetu, kisha inapanda tena upepo wa msimu ukibadilika. Nilikuandikia habari ya miaka, wewe umeitafsiri kwa mwezi mmoja. Septemba ikiisha maji yatarudi, tena juu zaidi ya Machi. Nimeangalia vipimo usiku na mchana, natamani niwe nimekosea, sijakosea.

Kuna jambo sikukwambia. Mwezi wa tano, kabla sijapanda meli, mkubwa wetu alitoa mhadhara ukumbini mbele ya wageni. Akaonyesha picha kubwa ukutani, mtaa uliofurika. Akasema, "Hapa ni mfano mzuri." Nikaona sakafu aliyoimwaga Baba. Nikaona kamba zako na mashuka, na chini yake yale maji meusi. Watu walikuwa wanatafuna biskuti, Mama. Mmoja akasema, "Watu kweli wanaishi hapo?" akafuta mdomo. Niliona kinyaa, sijui kwao au kwangu mwenyewe, maana na mimi nilikuwa na biskuti mkononi na sikufungua kinywa kusema pale ni kwetu. Nilitoka, nikasimama msalani mpaka wamemaliza. Ndiyo maana jibu lako lilichelewa. Meli ilikuwa kisingizio, ilikuwa majuma mawili tu.

Na sasa la povu, upende usipende. Maji ya chumvi hayapatani na sabuni. Povu linakatika, linabaki kama maziwa yaliyoharibika, na nguo iliyosuuzwa humo hunyonya unyevu wa hewa hata ukiianika jua kali. Bahari haikuanza kuja kwako Machi. Ilianza kuja kwa chini, kwenye kisima, polepole, na nadhani ni tangu ule mwaka uliosema Mjomba ameanza kuchanganya majivu kwenye sabuni zake. Umenunua sabuni kwa wauzaji wangapi tangu umsuse? Kuna hata mmoja povu lake limekuridhisha? Mjomba hakukuibia. Ni chumvi.

Jibu, hata kama ni matusi.

Mwanao.


Tarehe 25 Agosti

Mama, shikamoo.

Kimya. Kaka anasema u mzima na hutaki kuzungumza. Kama nimekuvunjia heshima nisamehe kwa namna nilivyosema, lakini nilichosema sikifuti. Natoka kazini napita kuangalia sanduku la barua kabla hata sijavua koti. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao.


Tarehe 6 Septemba

Katika hiyo picha, mashuka yangu yalikuwa meupe?

Hilo ndilo nimekuwa nikilifikiria wakati wote huu, nikaona haya kuuliza. Niambie ukweli. Kama yalikuwa meupe basi na wale wa biskuti waliyaona, hata kama hawakusema.

Marahaba, mwanangu. Sijambo. Hukunivunjia heshima, ulinikalia kooni tu. Mtoto anatambaa. Mama Pacha hajambo, pacha mmoja alipata tumbo la kuendesha, wakamtundikia dripu, amepona, anakula kama mchwa. Nilikaa naye zahanati siku zote alizolazwa. Alilazwa juu ya shuka nililolifua mimi. Shuka baridi, lina ubichi, linanata. Nikaliinua nikalinusa. Mwanangu, nilinusa bahari. Nilinusa kile choo. Kwenye shuka langu, jeupe, lililonyooshwa, chini ya mtoto mgonjwa. Nesi mkuu alikuwa amesimama hapo, akanitazama, na bora angenitukana. Nikajichukia kuanzia unyayo.

Kesho yake nikapanda kilimani. Usidhani nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kukuonyesha kwamba umekosea. Nilikuwa na kipande cha sabuni ya yule, cha mwisho nilichokinunua kwake, nimekihifadhi kwenye kopo kama ushahidi siku tukifikishana mbele ya wazee wa ukoo. Nikachukua na ile leso yangu ya kichwani. Nikamkuta amekaa mlangoni anakata miche ya sabuni kwa waya, kipara kimeongezeka.

"Dada," akasema, kama tumeachana jana. "Umepotea njia?"

"Njia naijua. Nataka maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kufulia. Nina kesi ya kuisikiliza."

Akaniangalia, akaangalia kopo, akaielewa kesi papo hapo. Akajaza beseni kutoka kwenye tangi, akaliweka mbele yangu, akarudi kukaa. Nikaloweka leso, nikapaka ile sabuni ngumu kama jiwe, nikafikicha mara mbili tatu. Mwanangu, povu! Povu likajaa beseni, likanipanda mikononi, likamwagikia miguuni kwangu. Povu la zamani, zito, lile ulilokuwa ukijipaka kidevuni ukisema wewe ni babu.

Nikaendelea kufikicha muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana sikujua nikiinua kichwa nitaweka wapi macho.

"Miaka yote hii," akasema, "umeniita mchanganya majivu. Sokoni. Msibani. Hata siku ya kumuaga huyo binti yako ulisema niketi upande wa majivu."

Nikamwambia, "Povu lako ni zito kupita kiasi. Linachelewa kusuuzika."

Alicheka mpaka waya ukamwanguka. Alicheka akakohoa, akafuta macho, na mimi nikacheka, halafu sikuwa nacheka tena, akaniletea kigoda. Nimeagiza kwake sabuni ya mwaka mzima, anajua maana yake. Na alipoona nimelitazama lile tangi mara ya tatu akasema, "Kiwanja kipo wazi, Dada. Kilikuwa wazi tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nangoja unuke vya kutosha."

Mshenzi yule. Tumezaliwa tumbo moja kweli.

Nimewakusanya watu tena uwanjani na kuwasomea nusu iliyobaki, ile ya mtu anayemimina. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Pacha akasema, "Mbona siku ile koo lako lilikauka palepale penye habari?" Nikamwambia, "Lilikauka, Mama Pacha, sasa limelowa, funga marobota." Alininunia tangu asubuhi hadi jioni. Kesho yake alikuja kuniazima kamba ya kufungia. Yeye na pacha tutakaa nao chumba cha uani kwa Mjomba wako mpaka apate pake. Wengine watano wamekubali kuondoka. Wawili wamesema wanamngoja Injinia, na Injinia ameacha kuja.

Ile saruji kaka yako ameipandisha kilimani, tayari wamemwaga sakafu mpya. Haina mteremko mzuri kama ile ya baba yako. Nimewaambia waivunje waanze upya, wamevunja.

Nyumba ya chini naipiga deki kila siku. Watu wanashangaa, wanauliza kwa nini nasugua kuta za nyumba ninayoihama, tena kwa maji ya kununua. Choo nimekisugua kwa brashi na magadi mpaka kimerudia rangi yake. Bado nasikia kinyaa, mkono mmoja kwenye brashi na mwingine puani. Lakini nimewaambia hivi: bahari itaingia, profesa amesema na vipimo vyake havidanganyi. Sasa ikiingia ikute pasafi. Ijue imeingia kwa nani. Na kama wakubwa zako watapiga picha nyingine, safari hii wewe ndiye usimame mbele ya ukuta useme hapa palikuwa kwetu, na palikuwa hivi.

Maji makubwa umesema yanarudi Septemba ikiisha, kwa hiyo hatutayangoja. Kaka yako anakuja na lori. Mjomba wako anakuja na wanawe wote na mikono yao mirefu. Nesi mkuu amesema atapita. Ndugu wa baba yako nimewaandikia, na wale wa kwetu wa bara, na kila niliyewahi kumfulia. Na wewe omba ruhusa huko, waambie mama yako anahama, usiwaambie ni utafiti. Watu wote wanatarajiwa Jumamosi, tarehe ishirini na sita, saa moja asubuhi, maji yakiwa yamekupwa.